Kilometa 6 zilizogeuka "kama 6"

Simu ya fundi mkuu iliingia asubuhi na mapema, hata madirisha ya ofisi sijayafungua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nisaidie. Hizi kama 6 za bomba, ni kama 6 nini?"

Sikumwelewa. Nikamwomba anisomee mstari mzima, naye akausoma polepole, neno baada ya neno: "Kutoka kwenye chanzo hadi tangi la shule zitahitajika kama 6 za bomba la inchi 2." Karatasi hiyo ilitoka mikononi mwangu. Niliiandika, nikaichapa, nikaipitia, nikaipeleka. Nilichokusudia ni km 6, yaani kilometa 6. Kilichotoka ni "kama 6", na mtunza stoo alipokisoma akakielewa kwa namna ambayo mtu yeyote wa stoo angekielewa: rola kama 6 za bomba. Akapakia rola 6 kwenye lori, na lori likapanda mlima.

Kila rola ilikuwa na mita 100. Huko juu, milima ya Usambara, wanakijiji walikuwa wamechimba mtaro kwa msaragambo wiki tatu, kila kitongoji na siku yake, kina mama wakiwa na majembe na watoto mgongoni. Mtaro wa kilometa 6 ukaletewa bomba la mita 600.

Nasimulia jambo hili kwa sababu chanzo chake ni kitu kidogo ambacho watu wengi tunaochapa kutwa nzima tunakipenda sana: vifupisho vya kibodi. Unaieleza programu yako ya kuandikia kwamba ukipiga herufi hizi mbili tatu, izigeuze kuwa neno hili refu. Mimi nilikuwa navyo zaidi ya 200.

Kazi yangu ni kuandaa taarifa na makadirio ya miradi ya maji ya vijijini. Kompyuta niliyokabidhiwa nilipoanza ilikuwa kuukuu, ikifungua programu nzito inachukua muda wa kwenda kununua chai na kurudi. Kijana mmoja wa ofisi ya jirani akaniwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, na akanifundisha Vim, programu ya kuandikia inayoendeshwa kwa amri za kibodi. Ukiifungua Vim bila faili lolote, ukurasa wake wa kwanza unakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mara ya kwanza mwaka 1991, aliwahi kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, upande wa kuelekea mpaka wetu, na programu yake hakuiuza. Aliomba tu anayeipenda achangie kituo cha watoto cha huko. Alifariki mwaka 2023. Nilipoujua mwanzo huo niliipenda Vim zaidi, na naipenda hadi leo. Kosa nitakalolieleza halikuwa lake.

Siku ya kwanza nilipoandika amri ya kuweka kifupisho, :ab ktk katika, nikapiga ktk na nafasi, na neno zima likajitokeza, niliona kama mtu amenipunguzia mzigo kichwani. Siku hiyohiyo nikaongeza kbs, sbb, mrd, brb, hlmsh. Vingi vya vifupisho hivi sikuvibuni mimi. Nilivitoa kwenye simu, enzi ambazo ujumbe mmoja ulikuwa herufi 160 na kila herufi ina bei. Kila aliyetumia simu ya vitufe anajua kwamba ktk ni katika, na km ni kama. Na hapo ndipo nilipojichimbia shimo, maana kwenye simu sikuwahi kuandika kilometa, na kazini naziandika kila saa.

Haikutokea siku ya kwanza, wala ya pili. Kwa kawaida nilikuwa naandika "12km", kwa kubana, na Vim haikugusa. Kifupisho chake cha aina hii hufanya kazi kikisimama peke yake. Kikitanguliwa na tarakimu iliyoshikana nacho, Vim huona ni neno moja, "12km", na hulipita. Kwa hiyo miezi kadhaa niliandika kama na kilometa kwenye faili moja bila tatizo, nikaamini kwamba vinapatana. Kama kosa lingejitokeza mapema ningelirekebisha mapema. Lilisubiri siku ambayo si mimi niliyeandika.

Siku hiyo mpima alinitumia barua pepe yenye vipimo vyote vya mradi. Yeye huandika kama tulivyofundishwa shuleni, kipimo kwanza na namba baadaye: km 6, km 1.4, m 350. Nikanakili maandishi yake na kuyabandika kwenye Vim. Toleo lililokuwa kwenye ile kompyuta lilikuwa la zamani, la kabla ya toleo la 8, nalo likifunguliwa kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, halikuwa na namna ya kutofautisha maandishi yaliyobandikwa na yanayopigwa kwa vidole. Kwake yote ni vidole, ila vina kasi ya ajabu. Kila km iliyofuatwa na nafasi ikageuka kama. Yote yalitokea chini ya sekunde moja, mbele ya macho yangu, na sikuona kitu kwa sababu maandishi yaliyobandikwa sikuyasoma. Nani husoma alichobandika? Tayari kilishasomwa na mpima.

Ipo amri ya kuzuia hilo, :set paste. Ukiiwasha kabla ya kubandika, vifupisho vyote vinalala hadi uizime. Niliijua baadaye.

Sasa turudi kwenye ule mstari, maana nimeutafakari sana. "Zitahitajika km 6 za bomba." "Zitahitajika kama 6 za bomba." Angalia ile "zitahitajika" na ile "za". Kilometa ni za, na rola nazo ni za. Kiswahili chetu kina ulinzi mzuri wa upatanisho. Mara nyingi neno likipotea, viambishi vinavyobaki vinakuambia lililopotea lilikuwa la ngeli gani. Ingekuwa mapipa, ingekuwa "yatahitajika" na mtunza stoo angeshtuka. Lakini kilometa na rola zinaingia ngeli moja, kwa hiyo sentensi ilibaki imenyooka, haina hata mkwaruzo. Juu ya hayo, "kama" mbele ya namba ni Kiswahili safi kabisa, ndivyo tunavyosema kila siku: watu kama 40, siku kama tatu. Mtunza stoo hakuwa mzembe. Alisoma Kiswahili sanifu na akakitii.

Baada ya simu ile nililifungua faili, mkono unatetemeka kidogo, nikatafuta kila palipo na km ili nione ukubwa wa madhara. Nikapiga /km na Enter. Kishale kikaruka hadi kwenye "kama". Nikabonyeza n, kikaruka hadi "kama" nyingine, nikabonyeza tena, "kama". Nikaona labda macho yamechoka. Halafu nikatazama chini ya skrini, pale inapobaki amri uliyoandika, nikakuta pameandikwa /kama.

Kumbe :ab haiishii kwenye maandishi. Kifupisho ulichokiweka kwa amri hiyo kinafanya kazi hata kwenye mstari wa amri: unapotafuta, unapobadilisha, unapotaja jina la faili. Nilipobonyeza Enter, Vim iliigeuza km yangu kuwa kama kabla haijaanza kutafuta. Nikajaribu kubadilisha kwa :%s/km/kilometa/g na hata hapo, nilipofika tu kwenye mkwaju (/) wa pili, km ikawa kama. Ningemalizia amri ile bila kutazama, kila "kama" iliyomo kwenye taarifa, za kweli na za bandia, ingegeuka kilometa. Na nikakumbuka lile faili lililokuwa limepotea mwezi uliopita, lililopaswa kuitwa makadirio-km.txt. Nikalitafuta kwa jina jingine, nikalikuta limetulia: makadirio-kama.txt.

Hili ndilo lililoniumiza kuliko yote. Kifaa kilichofanya kosa ndicho nilichokitegemea kunionyesha kosa. Ni sawa na kupima mtaro kwa kamba iliyonyumbuka: utapima mara kumi na utapata jibu lilelile.

Dawa yake ni ndogo sana. Badala ya :ab unaandika :iab, herufi moja tu ya ziada mbele, na kifupisho kinabaki kwenye uandishi peke yake. Ukitaka herufi zibaki kama zilivyo mahali fulani, unabonyeza Ctrl na V kabla ya ile nafasi au nukta inayofuata, na Vim inaziacha. Waliotengeneza programu hii waliujua mtego huu: ukijaribu kukifuta kifupisho kwa :una km, chenyewe kitageuka kuwa kama hapohapo, na Vim isipokuta kifupisho kinachoitwa kama, inatafuta kinachozaa kama na kukifuta hicho. Nilifurahi kuona kwamba mtu aliwahi kukwama hapo kabla yangu, akamfikiria atakayefuata.

Kurekebisha taarifa kulinichukua siku nzima. Sikuweza kutumia amri moja, kwa sababu "kaya kama 40" ilikuwa kweli na "kama 6 za bomba" ilikuwa uongo, na machoni pa kompyuta zote mbili ni neno moja na namba. Nilikaa na daftari la mpima mkono wa kushoto, nikatafuta kila kama inayofuatwa na tarakimu, nikasoma sentensi moja moja. Nilikuta makosa 31. Baadhi yangeleta hasara kubwa kuliko ile ya rola. Kwenye kifungu cha urefu wa mtaro, mkandarasi angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba tumeandika "kama", maana yake ni makadirio, na hatuwezi kumdai kipimo kamili.

Jioni nilimpigia fundi mkuu kumwomba radhi. Akasema, "Usijali mwanangu, mtaro hauozi." Lakini mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, na mtaro uliochimbwa ukaachwa wazi mlimani hujifukia wenyewe. Sehemu ya chini, karibu na shule, ilibidi ichimbwe upya. Siku ya msaragambo wa pili nilipanda na mimi, nikashika jembe. Mwenyekiti wa kitongoji alinitambulisha kwa watu kama "dada wa ofisini", sikuambiwa niseme neno, na nilishukuru.

Baada ya hapo nililipitia faili langu lote la mipangilio, kifupisho kwa kifupisho, na niliyoyakuta yanatosha kumwonya mwingine.

Kilichonifundisha zaidi kilikuwa ng. Nilikuwa nimekiweka wakati wa taarifa ya lambo la kunyweshea mifugo, ambamo ng'ombe walitajwa kila ukurasa: :ab ng ng'ombe. Nilipoandika ng na nafasi, sawa. Lakini siku vidole viliposahau na kuandika neno zima, yalitoka haya: ng'ombe'ombe. Sababu ni ritifaa, ile alama ya '. Kwa Vim, neno ni herufi, tarakimu na mstari wa chini; ritifaa si sehemu ya neno, ni alama ya kulimaliza, kama koma. Kwa hiyo ulipofika ng' tayari umetoa ruhusa, kifupisho kikafunguka, halafu ukaendelea kumalizia "ombe" yako nyuma yake. Ng'ambo ya mto ikawa ng'ombe'ambo ya mto. King'ora na kung'oa vilinusurika, kwa kuwa pale ng imeshikana na herufi za mbele. Atakayeandika Kiswahili asiweke kamwe kifupisho cha ng, kwa programu yoyote inayoihesabu ritifaa kuwa mwisho wa neno. Hata hivyo ng'ombe'ombe haikuwahi kumdhuru mtu. Ilijitangaza yenyewe, ukaifuta. Nilianza kuvipanga vifupisho vyangu kwa kigezo hicho: kikikosea, je, kitaonekana?

Kwa kigezo hicho n ilikuwa ya kufutwa. Niliiwekea "na", na ikawa kila nikiandika n.k. inatoka na.k., ila hiyo inaonekana. Isiyoonekana ni pale "n" niliyoitaka kama alama kwenye fomula ilipogeuka "na" katikati ya hesabu. Kifupisho cha hk kwa "haki" nilikifuta kwa ajili ya hekta, ambazo mpima mwingine huziandika hivyo. Mt nilikuwa nimeuwekea "mtaa". Kuna wanaoandika hivyo Mtakatifu, na kuna wanaoandika hivyo mto. Kila kipimo, kila sarafu, kila cheo kinachofupishwa rasmi nilikiondoa orodhani.

Kimoja kilinichosha kukitafuta. Kila nikiandika sbb, lilikuwa linatoka neno "sababu" likifuatiwa na alama ya kunukuu na maneno "nimeongeza Machi". Kwenye faili la mipangilio nilikuwa nimejiandikia maelezo pembeni ya kifupisho, kama ninavyofanya kwenye mistari mingine. Kwenye mistari mingine Vim huyaruka maelezo. Kwenye mstari wa kifupisho haiyaruki, huyachukua yote hadi mwisho kuwa sehemu ya neno. Maelezo yakae mstari wa juu yake, peke yake.

Mwenzangu anayetumia Word alinisikiliza akacheka kwa huruma, akanifungulia mkataba wake. Palipopaswa kuwa kifungu cha 7(c) palikuwa na 7 ikifuatiwa na ile alama ya hakimiliki, c ndani ya duara. Word inakuja na orodha yake ya vifupisho ambayo hukuiandika wewe, na (c) imo. Sheria zetu na mikataba yetu imejaa vifungu vidogo vya (a), (b), (c). Kama unaandika mikataba, ingia kwenye mipangilio ya masahihisho ya kujiendesha uifute hiyo leo; inachukua dakika moja.

Na kuna madhara ambayo hayapo kwenye kompyuta yako kabisa. Vidole vinazoea. Nilipoazima kompyuta ya ofisi ya wilaya kuandika barua ya haraka, niliandika kwa kasi yangu ya kawaida, nikachapa, nikasaini, na barua ikaenda na "ktk mrd huu" mistari minne. Aliyeipokea ni mtu mzima mwenye heshima zake. Aliisoma kama barua ya mtu asiyemheshimu.

Nilichokuja kukifanya kilitoka ndani ya lugha yenyewe. Alfabeti ya Kiswahili haina x. Haimo kwenye neno letu lolote, na hakuna kipimo chetu kinachoanza nayo. Basi kila kifupisho changu sasa kinaanza na x: xktk, xmrd, xhl. Kwanza nilitaka nukta mkato, ;ktk, Vim ikakataa; kifupisho kinachoanza kwa alama kisha kikawa na herufi zaidi ya moja hairuhusu. X ni herufi kamili, inaikubali. Nikibandika vipimo vya mpima, hakuna kinachoshtuka. Nikiwa kwenye kompyuta ya watu na vidole vikasahau, xmrd katikati ya barua inalia kama king'ora, naiona kabla ya kuchapa. Inanigharimu herufi moja zaidi kila mara, na naitoa kwa moyo.

Kutoka 200 vimebaki 14, vyote maneno marefu ninayoyaandika kila siku. Kila kimoja nakijua bila kufungua faili. Nisichokikumbuka kwa mwezi mzima nakifuta, kwa kuwa kifupisho ulichokisahau ndicho kitakachofunguka siku usiyokitarajia.

Juzi amekuja binti wa mafunzo kazini. Ameniona nikiandika, akaniomba nimpe faili langu la vifupisho, kama nilivyoliomba la yule kijana wa ofisi ya jirani. Nimempa vyote 14. Amevipitia, akauliza, "Dada, mbona kilometa haimo? Si ndiyo tunayoiandika zaidi?"

Nikamwambia hiyo tunaiandika kwa mkono, herufi zote nane. Kisha nikamfungulia picha iliyo kwenye simu yangu: mtaro mwekundu unaoteremka kati ya mashamba ya kabichi, na kwenye ukingo wake rola sita nyeusi za bomba.